Kukaa na mtoto wa watu: maswali ya kuzungumza na wazazi kabla hujaanza kazi (Mtwara na Lindi)

Ukurasa huu ni wa akina dada, na akina kaka wachache, wanaoitwa kukaa na mtoto kwa saa kadhaa au siku kadhaa. Mama ana zamu ya usiku hospitalini, wazazi wamealikwa ngoma ya unyago Mikindani, au msimu wa korosho umefika na nyumba nzima iko shambani. Maswali ni yale yale ninayoulizwa kila mara. Yanayofanana nimeyaunganisha, na pale jibu lilipo kwenye swali jingine nimekuelekeza huko.

## Mwanzo

Mtoto ni wa jirani, namjua tangu anazaliwa. Bado nizungumze na wazazi?

Ndiyo, tena hapo ndipo pa kuzungumza zaidi. Unamjua akicheza uani. Akiamka saa nane usiku anamlilia mama yake humjui. Ujirani unaponza kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anajua. Mama haoni haja ya kukuambia kwamba mtoto akila yai anavimba midomo, maana mtaa mzima unajua, na wewe siku lilipozungumzwa hukuwepo.

Sitaonekana mjuaji nikimuuliza mama wa watu maswali mengi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya wengi wanyamaze. Binti anayemmiminia mtu mzima maswali mfululizo anaonekana hana adabu, hilo ni kweli. Dawa yake ni namna ya kuanza. Toa shikamoo, kaa ukikaribishwa, mpokee mtoto umpakate, kisha useme: "Mama Zuhura, naomba unielekeze mambo ya mtoto, ili ukiondoka usiwe na wasiwasi." Ukilileta hivyo hujamhoji, umemwomba akufundishe, na hakuna mama asiyependa kueleza habari za mwanawe.

Hata swali lenyewe ligeuze. Badala ya "Mtoto wako ni mlizi?" sema "Akilia sana huwa mnamfanyaje?" Badala ya "Mnamchapa?" sema "Akikosea huwa mnamrudi vipi?" Utajibiwa kwa urefu, na ndani ya jibu utapata na mengine ambayo hukuuliza.

Mzazi anayekasirika kwa sababu umemuuliza mwanawe haruhusiwi kula nini, mimi kazi yake naifikiria mara mbili.

Mazungumzo yafanyike lini?

Si mlangoni, bajaji ikiwa inapiga honi nje. Nenda siku moja kabla, jioni, wakati mtoto anaogeshwa na kulishwa. Utaona kwa macho anavyoshikwa, anakula kiasi gani, analala na kitambaa gani mkononi, na yeye atakuzoea mama yake akiwepo. Ikishindikana, siku yenyewe fika saa nzima kabla ya wao kutoka.

Nizungumze na mama, baba au bibi?

Wote waliomo humo ndani. Mara nyingi mama ndiye anayejua dawa, baba ndiye atakayepokea simu, na bibi ndiye anayejua mtoto analala kwa wimbo gani. Jambo la kupata wazi ni nani mwenye neno la mwisho wakitofautiana. Uliza kwa upole mama akiwa na bibi pamoja: "Bibi akiniambia kitu ambacho mama hukuniambia, nifuate lipi?" Wakicheka na kujibu, umejiokoa na mengi (tazama swali la hirizi na kimeo, chini).

Mama ana dakika tano tu. Niulize nini?

Namba mbili za simu zinazopatikana, si moja. Kitu chochote ambacho mtoto hapaswi kula au dawa anayotumia. Amekula lini, na atakula nini tena. Nani anaruhusiwa kumchukua. Na saa ya kurudi. Mengine mtayamalizia kwa simu, ila haya usimwache aondoke bila kukujibu. Hakikisha pia simu yako ina salio na chaji.

## Chakula na usingizi

Mtoto bado ananyonya. Mama akiwa hayupo nimpe nini?

Aliye chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, hata jua liwe la Desemba. Kwa hiyo swali la kumuuliza mama ni kama ataacha maziwa aliyokamua, na ameyakamua saa ngapi. Yakikaa nje ya friji kwenye chombo safi chenye kifuniko, yasizidi saa 4, na kwenye joto letu mimi huhesabu pungufu ya hapo. Kwenye friji yanafika siku 4. Bandika kipande cha karatasi chenye saa juu ya chombo, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja hutakumbuka lolote.

Kupasha moto, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Mnyweshe kwa kikombe kidogo safi, kwa kuwa chuchu za chupa ni kazi kuzisafisha vizuri. Yaliyobaki kwenye kikombe alichonywea usiyarudishe kwa mengine.

Kama mtoto ni wa miezi 5 na mama amekuachia uji, usianze kubishana naye mlangoni. Muulize: "Kliniki walisema aanze uji?" Mara nyingi swali hilo linatosha kumfanya afikirie.

Vyakula gani niviulize kwa jina?

Ukiuliza "kuna chakula hapendi?" utaambiwa "hapendi mchicha", ambalo ndilo jibu la watoto wote. Taja: mayai, karanga, korosho, samaki, pweza, maziwa ya ng'ombe. Akishtuka kwenye kimoja, uliza kilichotokea: alitoka vipele, alivimba, au alishindwa kupumua? La mwisho ni la kukimbilia hospitali.

Kisha vya kukaba. Korosho nzima, karanga na bisi si za mtoto wa chini ya miaka 5, hata kama nyumba ina gunia zima. Kwetu kuna na ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kutafunwa: dada mkubwa ameketi kizingitini anamenya, anatafuna na chumvi, mdogo naye ananyoosha mkono, anapewa kipande chenye nyuzi ambacho meno yake manne hayawezi kukimaliza. Muulize mama kama anampa, na kama anampa, anakisagaje. Samaki mtolee miiba kwa vidole vyako, si kwa kijiko; kidole kinahisi mwiba ambao jicho halioni. Asali isimguse aliye chini ya mwaka mmoja.

Muhogo nao una swali lake. Kama kuna mihogo mibichi jikoni, uliza ni mitamu au michungu kabla hujachemshia mtoto. Michungu ina sumu ya sianidi na haifai kuliwa bila kulowekwa na kukaushwa ipasavyo. Mwenye shamba anaitambua, wewe mgeni huitambui.

Na usingizi?

Uliza analala saa ngapi, kitandani kwa nani, na anabembelezwa vipi. Mtoto mchanga mlaze chali. Chandarua kishuke kabla ya giza na kichomekwe chini ya godoro, kwa kuwa Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria nyingi na mbu wake huuma usiku. Kibatari au mshumaa ukae mbali na chandarua. Kumbeba mgongoni kwa kanga ni jambo jema, ila omba ruhusa kama ni mchanga sana. Wapo wazazi wasiotaka mpaka shingo ikaze.

## Nyumba na mazingira

Nikiingia nyumba ya watu niombe kuonyeshwa nini?

Omba kuzungushwa, mtembee pamoja na mtoto. Jikoni: gesi inafungwa wapi, mkaa unawashiwa wapi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, kwa sababu linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Uani: pipa la maji, kisima, ndoo. Mtoto anayetambaa anaweza kufa maji kwenye ndoo ya kufulia, kwa hiyo uliza vifuniko viko wapi. Kama ni nyumba ya wapangaji, uliza choo mnashiriki na nani, na geti linafungwa saa ngapi.

Tafuta chupa za soda zenye kitu kisicho soda. Mafuta ya taa, jiki na dawa ya wadudu vinawekwa humo kila siku, na mtoto anajua chupa ya soda ni ya soda. Mwambie mama mviweke juu pamoja, kabla hajaondoka.

Na uliza umeme: mita ya LUKU iko wapi na ina uniti ngapi? Umeme ukiisha saa tatu usiku, tochi ni ipi?

Msimu wa korosho una mambo yake?

Una mambo yake mengi, na nashangaa ni wachache wanaoyauliza.

La kwanza ni ganda. Korosho mbichi yenye ganda ina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto akiitia mdomoni ili aipasue kwa meno, midomo na ulimi vinababuka. Kuanzia Oktoba utakuta zimeanikwa uani, na magunia yamesimama sebuleni yakisubiri kupelekwa ghalani kwenye chama cha msingi. Mwambie mama: "Naomba hizi zikae chumba cha kufungwa, mtoto anatia kila kitu mdomoni." Zikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Usimruhusu kijana mkubwa kuchoma korosho juu ya bati mdogo akiwa karibu: mafuta yale yakishika moto yanarusha cheche, na moshi wake unawasha macho na kifua.

La pili ni salfa. Inapulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, kati ya mwezi wa tano na wa nane hivi, na mfuko uliobaki unaishia stoo au chini ya kitanda. Uliza uko wapi. Baba akirudi shambani na nguo za kupulizia, zisitupwe kwenye beseni la nepi.

La tatu ni fedha. Malipo ya mnada yakitoka, nyumba inaweza kuwa na pesa ambazo si za kawaida. Omba chumba cha wazazi kifungwe na ufunguo waondoke nao. Ukisema mapema ni busara. Ukisema kitu kikishapotea ni kesi.

La nne, wazazi wakiwa shamba simu haishiki. Pata jina la mtu wa karibu anayeweza kutumwa na bodaboda.

Naweza kumpeleka baharini kuoga?

Kama hawakusema ndiyo kwa mdomo wao, hapana. Hata ukikaa Shangani, mtaa wa Mtwara ulio ufukweni, na maji unayaona dirishani. Bamvua inapokuja, mchanga mliokaa saa moja iliyopita unakuwa chini ya maji.

## Ugonjwa na ajali

Nijue nini kuhusu afya ya mtoto kabla?

Kadi ya kliniki iko wapi, na ya bima kama ipo. Uzito wake wa mwisho, kwa sababu dozi za dawa hufuata uzito. Kisha uliza kwa jina: pumu, selimundu, kifafa, na kama amewahi kushikwa na degedege. Wazazi wengine hawasemi kifafa wala selimundu mpaka waulizwe, kwa kuogopa maneno ya watu. Waambie hutatangaza, na usitangaze kweli.

Uliza pia wanatibiwa wapi. Mtwara mjini wengi watasema Ligula. Lindi mjini ni Sokoine. Masasi ni Mkomaindo, na barabarani kati ya Masasi na Lindi kuna Ndanda na Nyangao. Lakini zahanati iliyo karibu na iliyo wazi usiku ni bora kuliko hospitali kubwa iliyo mbali. Pata namba ya bajaji anayemwamini mama, na acheni nauli ya dharura mahali mnapopajua nyote.

Mtoto amepata homa, mama ameacha panadoli. Nimpe?

Mpe ikiwa mama alikuonyesha chupa hiyo hiyo, akakuambia kiasi na saa, na ikiwezekana akakiandika. Dawa za maji za watoto hazina nguvu moja, na kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile. Tumia kipimo kilichokuja na chupa. Andika saa uliyompa, mama akirudi asirudie. Aspirini usimpe mtoto.

Dawa mseto iliyobaki ya kaka yake usiiguse. Homa si malaria mpaka apimwe, na kipimo chake zahanati ni cha dakika chache. Mpigie mama kwanza, ila akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea haamki, au akishikwa na degedege, usisubiri simu ipokelewe. Twende, simu utapiga njiani.

Degedege likimshika nifanye nini, na bibi akinizuia je?

Mlaze ubavu, mahali asipoweza kuanguka. Legeza nguo. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni, wala maji. Tazama saa. Likiisha, hospitali bado mnakwenda.

Kuhusu bibi: wapo wazee wanaoamini kwamba degedege ni la mganga na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Usiku wa tukio si wakati wa kumbadilisha mzee mawazo. Ndiyo maana swali liulizwe mapema, wote wakiwepo: "Mtoto akiugua ghafla, mnaniruhusu nimpeleke hospitali moja kwa moja?" Ukishapata ndiyo ya baba na mama mbele ya bibi, una pa kusimamia.

Amekabwa, ameungua au amekunywa kitu. Yapi niyajue kwa moyo?

Kukabwa, chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, bado, mgeuze, bonyeza kifua mara 5 kwa vidole viwili. Rudia. Aliyezidi mwaka, mara 5 mgongoni, kisha simama nyuma yake umkumbatie na kuvuta tumbo kwa ndani na juu mara 5. Usichokonoe koo kwa kidole usipokiona kitu.

Kuungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno, unga na yai usimpake.

Mafuta ya taa: usimtapishe. Beba chupa, nenda hospitali.

## Malezi, dini na mila

Mtoto akikosea naruhusiwa kumchapa?

Hata mama akisema "mchape tu", usimchape. Mwambie: "Mama, mimi nitamkalisha na kumnyima mchezo, kuchapa nakuachia mwenyewe." Alama ya fimbo kwenye mguu wa mtoto wa watu haina maelezo yatakayokutosha. Mkubaliane mapema adhabu ni ipi na ni kosa gani mnaliacha lipite.

Simu, runinga na picha?

Muulize saa ngapi na katuni zipi. Picha ya mtoto usiiweke kwenye status yako ya WhatsApp, hata akiwa amependeza, hata siku ya Idi. Mtoto na nyumba vyote vinaonekana humo, na kila mtu anajua wazazi hawapo.

Mtoto amevaa hirizi au kamba nyeusi. Nimwogeshe nayo? Na wakiniambia habari za kimeo?

Usiivue, usiikate, usiicheke. Muulize mama inalowa au hailowi, basi. Kitu pekee cha kuangalia ni kama imebana shingo au mkono, au ni ndefu kiasi cha kunasa kitandani. Hapo mwonyeshe mama ailegeze mwenyewe. Ubani na makombe (maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji ya kunywa) nayo ni ya wenye nyumba, ila makombe usimnyweshe mchanga wa chini ya miezi 6 (rudi kwenye swali la kunyonya).

Kimeo ni habari nyingine. Kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa kumeua watoto kwa damu na maambukizi. Ukiambiwa umpeleke, jibu ni "ngoja mama arudi", na mpigie mama hapo hapo.

Ramadhani, mtoto wa miaka saba anataka kufunga. Nimwache?

Uliza wazazi wamekubaliana naye vipi; wengine humruhusu mpaka adhuhuri. Ukikuta amelegea, mpe maji na umpigie mama. Kama nyumba ni ya Kikristo na wewe ni Mwislamu, au kinyume chake, uliza sala ya kabla ya kula na ya kulala ili mtoto asikukute huijui. Hakuna anayekubadilisha dini kwa kumsikiliza mtoto akisali.

## Malipo, saa na usalama wako

Bei nitaje mimi au wao?

Wakuulize, wewe taja. Wasipouliza, taja kabla hujamshika mtoto. Useme ni kwa saa, kwa siku au kwa usiku mzima, chakula kimo au hakimo, na nauli ni ya nani. "Tutaelewana tu" huishia kwenye doti ya kanga badala ya hela. Kanga ni nzuri; pokea, halafu udai hela.

Kama kazi ni ya kila siku, inabadilika jina: wewe ni mfanyakazi wa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, inataka upewe maelezo ya kazi kwa maandishi, na saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali; uliza ofisi ya kazi ya mkoa au CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachohusika na wa majumbani pia.

Mdogo wangu ana miaka 12, ameitwa kukaa na mtoto mchana kutwa. Ni sawa?

Hapana. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia 14 ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kumsaidia shangazi kwa nusu saa ni undugu. Kutwa nzima kwa malipo ni ajira.

Wameniachia vyombo na nguo za familia nzima. Nifanye?

Hapo ndipo maneno ya mwanzo yanapokosekana. Uliza wazi: "Mtoto akilala, kuna kazi nyingine mnataka niifanye?" Vyombo vya mtoto na nepi zake ni vyako. Kufua mashuka ya nyumba nzima ni kazi nyingine yenye bei nyingine, na mwenye mikono kwenye beseni hayupo na mtoto.

Nitarudi nyumbani vipi usiku?

Mkubaliane kabla. Ama ulale hapo, chumba chenye komeo, ama bajaji wanayoijua, wao wakilipa. Kama utasindikizwa na baba peke yake na moyo wako unasita, sema mapema kwamba kaka yako atakufuata. Huna haja ya kutoa sababu. Mwachie mtu wa kwenu namba ya nyumba hiyo na jina la mtaa. Uliza pia ni nani mwingine analala humo: mjomba, mpangaji, kijana wa dukani. Mtu akikushika au kukusemesha vibaya, ondoka na mtoto hadi kwa jirani, mpigie mama, na 112 ni polisi.

## Yasiyo ya kila siku

Mjomba wa mtoto amekuja kumchukua na mama hakuniambia.

Gumu, hasa kwetu, ambapo kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Kumkatalia mlangoni kunaonekana ni kumvunjia heshima. Mkaribishe, mpe kiti na maji, kisha sema: "Shikamoo mjomba. Nilikabidhiwa mtoto na mama yake, naomba nimpigie ampe ruhusa mwenyewe." Mjomba mwenye nia njema atangoja. Simu isipopokelewa, mtoto haondoki, na jirani umwite akae nanyi. Ukiwa uliuliza majina ya wanaoruhusiwa, suala hili linaisha kwa dakika moja.

Wazazi walisema saa nne usiku, sasa ni saa nane na simu zimezimwa.

Piga namba ya pili, kisha jamaa waliyokutajia. Usimwache mtoto peke yake, wala usitoke naye usiku kwenda kwenu bila kumwambia jirani. Lala naye, funga mlango. Kukicha bado kimya, mweleze mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Na siku wakirudi, saa zilizozidi ni za kulipwa.

Nimemwogesha nikaona alama za kipigo.

Usimhoji mtoto kama askari. Sikiliza anachosema, usimwahidi kuwa hutamwambia mtu. Usiulize wazazi kwa ukali ukiwa peke yako ndani mwao. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa kutoa taarifa, kwa hiyo huingilii ya watu.

Kijana wao ametoka jandoni juzi. Kuna la kuuliza?

Ndiyo, na uliza baba au mjomba, si mama, kwa kuwa mambo mengine ya jando hayasemwi kila mahali. Unachohitaji ni kidogo: kidonda kinasafishwa na nani na lini, na nguo ipi avae. Kama ni wewe unayetakiwa kukiosha na wewe ni binti, una haki ya kusema hapana, watafute kijana. Damu ikitoka haikomi, au akipata homa, fuata jibu la homa hapo juu.

Nimeshaanza, nimeona siwezi kuendelea na nyumba hii. Nawaambiaje?

Usiondoke mtoto akiwa mikononi mwako, na usitume ujumbe wa simu usiku wa kuamkia kazi. Mwambie mama ana kwa ana, siku ya malipo, na umpe siku chache atafute mwingine. Kama kazi ilikuwa ya maandishi, fuata muda wa notisi ulioandikwa. Ukikubali, mwelekeze anayekuja baada yako: dawa iko kabati la juu, hapendi maji ya moto kichwani, na ming'oko bado.